KIOO CHA MTU MWINGINE



Kama umeachiwa Peugeot 504 na mzee, lile gari lililoshinda Safari Rally 1975 na 1978, najua unatamani ling'ae tena hapa Majengo. Fanya hivyo. Mapambo ya kromi yenye kutu kidogo usiyatupe. Yasugue taratibu kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, uyafute, upake nta. Ukiyang'oa, angalia matundu ya klipu kwenye bodi, maana maji hujificha hapo. Toa kutu, paka rangi, ndipo uyarudishe.

Sasa vioo vya pembeni. Utaambiwa kuna orijino ya bei rahisi, njoo jioni, risiti hakuna. Mpendwa, kitazame vizuri. Ukiona namba ya gari imechorwa halafu imekwaruzwa, jua kuna mtu aliamka akakuta gari lake halina kioo. Kifungu cha 322 cha sheria ya jinai ya Kenya kinampa anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, hadi miaka 14 jela. Na hata usiposhikwa, mwizi atarudi barabarani kesho kwa sababu wewe ulinunua leo.

Kama kasha la zamani ni zima, fundi vioo atakukatia kioo kipya kwa kipimo chake. Hakitakuwa orijino, lakini kitakuwa chako.

Zakayo alirudisha mara nne. Wewe anza kwa kutonunua.

Mtumie ndugu mwenye gari la zamani.