Tusimkatie Tamaa Mtu Yeyote

Twasema upesi juu ya jirani: «Yule moyo wake ni jiwe», nasi twaacha kumwombea. Tumkumbuke Pranzini. Mwaka 1887, huko Paris, alihukumiwa kufa kwa kuua wanawake 2 na mtoto 1. Hakutaka kuungama. Teresa wa Lisieux, msichana wa miaka 14, alimwombea na kutaka Misa isomwe kwa ajili yake. Tarehe 31 Agosti Pranzini alipelekwa kukatwa kichwa pasipo kuungama. Ghafula akamgeukia padri, akaushika msalaba, akaubusu mara 3. Nasi tunaye ndugu aliyeacha Misa zamani. Tusiihesabu miaka. Jioni hii, katika sala ya nyumbani, tulitaje tena jina lake.