Kabla ya Kupanda Mtae

Gereji moja Lushoto. Pikapu kuukuu ya fowili imeinuliwa kwa jeki na magogo, fundi yuko chini yake. Mama aliyempakata mtoto anasubiri safari ya Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara. Ni masika, na vipande vya barabara ya udongo vinateleza.

Transfa hugawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ya gari hili imekwisha. Jana mteremkoni gia nzito ilichomoka, injini ikaacha kulishika gari, zikabaki breki tu. Fundi anafunga nyingine ya mtumba, baada ya kukagua meno yake, kisha anatia oili mpya.

Dereva anaomba radhi kwa kuchelewa. Mama anamjibu: kawia ufike.

Mzazi, nawe uliza kabla mtoto hajapanda: gia nzito inashika?