Hekta Moja na Nusu

Nikiwaambia wenzangu hapa Mutanga Sud kwamba likizo nzima nilikuwa "ranchi", hucheka, na wana haki ya kucheka. Ranchi wanazozijua ni zile za Laikipia nchini Kenya au Kongwa nchini Tanzania, zenye maelfu ya hekta. Yetu ni hekta moja na nusu. Iko Giharo, katika eneo la Moso, mashariki mwa nchi. Zamani mkoa wa Rutana, sasa mkoa wa Burunga. Hapafiki umeme wala bomba la maji. Usiku tunawasha taa mbili za sola, na simu tunazichaji kwa zamu. Hata hivyo, katika nchi ya kilomita za mraba 27,834 yenye watu zaidi ya milioni 12, ambako familia nyingi hulima chini ya nusu hekta, sisi tunahesabiwa kuwa watu wenye bahati.

Bahati hiyo ina historia. Mwaka 1972 babu alikimbilia Tanzania akiwa amembeba baba yangu mgongoni. Walipokewa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Babu alizikwa huko, nami nilizaliwa huko. Serikali ya Tanzania ilipowataka wakimbizi wa 1972 wachague kati ya uraia na kurudi kwao, wengi walichagua uraia. Baba alichagua kurudi. Tulifika Giharo mwaka 2009. Nilikuwa na miaka mitano, nikizungumza Kiswahili cha Tabora na Kirundi cha kuokoteza.

Kwenye ardhi ya babu tulikuta familia nyingine, nayo ilikuwa imeishi hapo zaidi ya miaka 30. Watoto wao walizaliwa pale, wazee wao walizikwa pale. Baada ya vikao vingi mbele ya Bashingantahe wa kilima, wazee wa pande zote mbili walikubali kuigawa. Kipande chetu kikawa kile chenye mteremko. Kwa miaka kumi na miwili tulilima mihogo na maharage, na kila masika udongo wetu ulishuka bondeni kuwanufaisha wenye mashamba ya chini.

Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Sheria ya mwaka 2018 inayokataza mifugo kuzurura ilianza kutekelezwa: kila mwenye mnyama amfunge zizini na amlishe humo. Sisi tulikuwa na mbuzi wanne waliozoea kujitafutia. Baba akasema tuwauze, kisha tuuze na ardhi yenyewe, tununue kiwanja kidogo pembezoni mwa Bujumbura tujenge vyumba vya kupangisha. Hoja yake ilikuwa nzito. Kodi ya vyumba ingelipa masomo yangu, na mteremko ule ulikuwa haulipi chochote.

Nilimwomba anipe muda. "Baba, tusiuze kabla hatujajaribu kuishi pale vizuri." Akaniangalia, akasema, "Mama, kama una nguvu za kujaribu, jaribu. Mimi mgongo umechoka."

Mimi nilitaka tuanze na ng'ombe. Mama ndiye aliyenikataza: "Mwanangu, mgeni haitwi kabla ya kupika." Ng'ombe mwenye kilo 400 hula karibu kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Ungemfunga wapi, na umpe nini, juu ya kilima chenye mihogo tu? Basi tukaanza na majani. Nilitengeneza fremu ya herufi A: miti miwili ya mita mbili, mti mmoja wa kukatiza katikati, uzi na jiwe. Uzi ukitulia kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili iko kwenye usawa mmoja. Unapigilia kigingi, unasogea mbele. Kwa njia hiyo tulipata mistari minne ya kukinga maji. Kaka yangu alichimba siku mbili, kisha akarudi mjini kwenye pikipiki yake ya taksi. Mama nami tulimaliza makinga hayo kwa likizo mbili. Juu ya matuta tukapanda mabingobingo na kaliandra. Mizizi hushika udongo, na majani ni chakula cha mifugo.

Maji nayo yalikuwa mtihani. Kijito kiko chini, mwendo wa nusu saa kupanda na ndoo kichwani. Nilipiga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 40. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 800, na sisi tulikuwa tukiiacha imwagike uani. Tulichimba shimo, tukalitandika turubai la plastiki, tukafunga mifereji ya bati. Liliposhajaa, mwanambuzi mmoja aliponyoka, akatumbukia, akalitoboa turubai kwa kwato. Kufikia asubuhi shimo lilikuwa tope. Nililia kama mtoto. Mwaka uliofuata tulijenga uzio wa miti kwanza, kisha shimo.

Ng'ombe alipokuja, alikuja kwa mlango nisioutarajia. Wale jirani tuliogawana nao ardhi walikuwa wamepata ng'ombe kwa utaratibu wa kworozanya: anayepewa humtoa ndama jike wa kwanza kwa jirani mwenye zizi na majani tayari. Walipozunguka kilimani kutafuta mwenye majani, wakatukuta sisi. Siku mzee wa nyumba ile alipomleta ndama, baba alimkaribisha ndani, wakanywa pombe ya ndizi kwa bakuli moja. Sikuwa nimewahi kuwaona wakikaa hivyo. Sasa samadi ya ndama yule inalisha migomba, na udongo wa masika haushuki kama zamani.

Nimeeleza haya yote ili nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi hapa chumbani. Mwaka jana baba aliamua kuiandikisha ardhi katika ofisi ya ardhi ya komini, ili apate cheti kinachotolewa kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya mwaka 2011. Siku ya kupima mipaka, mimi ndiye niliyeshika kamba, kwa kuwa ndiye ninayeijua kila kona. Mpimaji akaniuliza, "Na wewe ni nani hapa?" Baba akajibu, "Ni binti yangu. Kazi yote hii ni yake."

Nilifurahi. Jioni nikamwuliza ni majina ya nani yataandikwa. Akasema lake na, kwa kuwa nilisisitiza, la mama. Baadaye itakuwa ya kaka yangu. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi; mila ndiyo huamua, na mila humpa mtoto wa kiume. Mimi ningepata igiseke, kipande kidogo anachopewa binti akitumie maisha yake tu. Baba alinionyesha kwa kidole: kuanzia shimo la maji hadi kinga la tatu. "Hicho chako," alisema. Nikamwomba akiandike. Hakunijibu. Alichukua panga akaenda kukata majani ya ndama.

Simlaumu baba. Yeye mwenyewe alirudi kwenye ardhi ya babu akiwa hana karatasi hata moja, akitegemea kumbukumbu za wazee, na kumbukumbu hizo zilimpa nusu. Kwa sababu hiyo naamini atanielewa. Anajua kuliko mtu yeyote kilimani kwamba neno la mdomo hudumu kadiri ya umri wa aliyelisikia. Kaka nimeshaongea naye kwa simu. Amesema hana pingamizi, mradi baba aanze.

Likizo ikifika nitapanda tena basi la kwenda Moso, mafuta yakipatikana. Nitabeba miche ya maparachichi, turubai jipya, na karatasi moja niliyokwisha kuichapisha hapa kampasi. Ina mstari wa jina langu, mistari mitatu ya saini za mashahidi, na wa kwanza ninayetaka kumwomba ni yule mzee wa jirani.