Mizani ya Mwenye Mchezo

Kwa muda wa miaka minne mimi na mdogo wangu tulikuwa mabaharia wa anga. Yeye yuko Muscat, mimi niko Unguja, na simu zetu za kujuliana hali aghalabu huishia kwenye "salama" mbili tatu. Lakini kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, tulikutana katika mchezo mmoja wa mtandaoni ambamo maelfu ya watu huendesha vyombo baina ya nyota, huchimba madini, hufanya biashara na hupigana.

Chombo chetu kilikuwa kidogo, wala hakikuwa na silaha za kutisha. Sifa yake ilikuwa moja tu: mbio. Yeye alishika usukani, nami nikapeleleza njia. Tulipenya palipozingirwa, tukafikisha shehena, tukacheka. Na katika saa za kungoja njia ifunguke ndipo yalipotoka maneno: deni lake, maradhi ya mama, ugomvi wa urithi ambao hatukuthubutu kuutaja katika simu. Watu wawili wakitazama nyota badala ya kutazamana usoni, ulimi hulegea.

Siku moja tulikuta tangazo. Kwa ajili ya kusawazisha mizani, wenye mchezo wameipunguza kasi ya vyombo vya aina yetu kwa theluthi. Wachezaji wengine walikuwa wamelalamika kwamba hatukamatiki. Siwezi kusema kuwa hoja yao ilikuwa ya uongo. Hata mwenye jahazi zito amelipa ada yake. Lakini safari yetu ya kwanza tulinaswa kabla ya kufika nusu ya njia. Mdogo wangu hakukasirika. Alisema tu, "Kaka, hiki si chombo chetu tena." Wiki ya pili alichelewa; ya tatu hakuja.

Msiba huu si wetu peke yetu. Mchezo wa Star Wars Galaxies ulianza mwaka 2003 ukiwa na fani zaidi ya 30 za kuchagua. Novemba 2005 zikapunguzwa kuwa 9, na watu waliotumia miaka kujijengea fani zao wakajikuta hawana kazi. Wengi waliondoka, na mchezo ukafungwa Desemba 2011. Katika EVE Online, Julai 2019, orodha iliyomjuza mchezaji ni nani waliomo katika eneo lake iliondolewa katika pembe za mbali za anga. Malalamiko yakawa makubwa, na Septemba mwaka huo ikarudishwa.

Kanuni kubadilika si jambo geni. Katika sataranji, kete iliyokuwa waziri, aliyekwenda hatua moja tu ya mshazari, iligeuka malkia mwenye kutawala ubao mzima. Hayo yalitokea Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Na sisi wapenzi wa ushairi tunayakumbuka mabishano ya miaka ya 1970 juu ya vina na mizani, Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974. Lakini aliyependa vina alibaki na vina vyake. Hakuna aliyeingia nyumbani mwake usiku akamfutia beti. Ubao wa sataranji ni wa aliyeununua. Chombo chetu kilikuwa cha kuazimwa, nasi tulijisahau tukadhani ni mali yetu.

Hata hivyo, nilipoipima hasira yangu niliona nimeielekeza pasipo pake. Kasi ya chombo sikuililia hata siku moja. Nililolilia ni kwamba ndugu wawili tulikuwa tumeweka mazungumzo yetu yote katika sanduku ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Alhamisi iliyopita, baada ya Isha, nilimpigia simu. Tulipofika "salama" ya tatu sikuaga. Nikamwuliza, "Lile deni limefikia wapi?" Alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia anavuta kiti. "Subiri, kaka," akasema, "nifunge mlango."