Vilima vya Nyuma ya Shela

Ukiitaja Shela kwa mgeni yeyote atakusimulia habari za ufuo wake: mchanga mweupe wa kilomita kama 12, bahari na hoteli. Vilima vilivyo nyuma ya ufuo huo hakuna avitajaye. Hata mimi, mzaliwa wa Lamu, vilikuwa mahali pa kuchota mchanga tu. Kaka yangu hufanya kazi ya punda, nami siku za likizo humsaidia. Mara mbili tatu tulijaza magunia kule nyuma, alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Sikuuliza kwa nini alfajiri.

Basi Jumamosi moja mwalimu mlezi wa chama chetu alitupeleka huko. Tulijihimu mapema, tukashika njia ya pwani, guu mosi guu pili, hata tukafika Shela jua likiwa bado changa. Hapo tukaungana na mzee mmoja wa mtaa huo, tukaanza kupanda. Wacha wee! Mchanga wa kilima hauna huruma. Unapanda hatua mbili, unarudishwa moja. Waliovua viatu walikuja kujuta kwa sababu ya miiba.

Upande wa baharini kilima ni kitupu. Upepo wa kusi unakipiga na mchanga unaruka kama unga. Lakini tulipovuka kilele tulinyamaza sote. Majani! Majani marefu yamefunika migongo ya vilima na mabonde yake, yakilala na kuinuka kama mawimbi, na vichaka na mikoma hapa na pale. Mvumo wa bahari ukawa mbali. Nilikuwa nimepita humo na punda gizani, kumbe sikuwa nimepaona.

Mwenzetu mmoja aling'oa shina la majani achezee. Yule mzee akasimama.

"Wanangu, mwang'oa mai."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Mwalimu ndiye aliyetufafanulia. Kisiwa chetu hakina mto. Mvua ya masika ikinyesha vilimani haikimbilii baharini. Hunywewa na mchanga, ikashuka polepole na kujikusanya chini. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo hukaa juu yake. Hayo ndiyo yanayovutwa kutoka visima vya Shela yakaja mpaka mjini. Kazi ya majani ni kuushika mchanga usihamishwe na upepo. Ukiuondoa mchanga, ghala linapungua. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda.

Nikamkumbuka bibi. Kisima cha nyumbani kwetu kiligeuka chumvi zamani, na siku mfereji ukikauka yeye hutia sukari nyingi kwenye chai, na bado chai inakuwa na chumvi.

Mbele kidogo tulikuta shimo. Ukingo umekatwa, mizizi ya majani inaning'inia hewani, na chini kuna gunia lililoraruka lenye kiraka cha kitambaa chekundu. Kiraka hicho nilikishona mimi.

"Nani hawa?" mwalimu akauliza, akimtazama mzee.

Nikainama kutoa mwiba mguuni. Mwiba wenyewe haukuwapo.

Jioni kaka aliniambia nilale mapema, kuna fundi anataka mizigo kumi. Nikamweleza habari ya shimo, na ya maji, na ya bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Haya, na sisi tutakula nini, majani?" Akaviangalia viatu vyangu vya shule pale mlangoni. Yeye ndiye aliyeninunulia, na nilijua kwa pesa gani. Sikuwa na la kumjibu.

Alfajiri nilimsikia akimtandika punda. Aliniita mara moja tu, kwa sauti ya chini ili bibi asiamke. Nilikuwa macho, na sikutoka.