Sinunui Hewa ya Guangzhou

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kozi ya biashara ya China imeanza, ghorofani Mtaa wa Lumumba. Wengi ni watoto wa wenye maduka walio likizo, pamoja na mawinga (madalali) wawili wa Mtaa wa Kongo. Mwalimu hakugusa Kichina. Kaandika ubaoni: bei ya kiwandani, nauli ya meli, bima. Forodha wanaanzia kwenye jumla hiyo. Ikiwa milioni moja, na bidhaa inatozwa ushuru wa asilimia 25, unalipa 250,000. Kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 1,250,000: 225,000 nyingine. Bado tozo ya reli na gharama za bandari. Winga mmoja akaguna: "Kumbe bosi akilia hali ngumu haigizi."

Alhamisi, 17 Julai
Vitendo Kariakoo, futi kamba mkononi. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM (mita za ujazo) 0.12, nane hazijazi CBM moja. Mzigo wa kuchanganya unalipiwa kwa nafasi unayokula kwenye kontena. Dada muuza vyombo, Mtaa wa Mkunguni, anaagiza mabeseni yanayoingiana tu. "Mdogo wangu, mimi sinunui hewa ya Guangzhou."

Jumanne, 22 Julai
Malipo: mara nyingi asilimia 30 kutanguliza, 70 kabla mzigo haujapakiwa. Maonyesho ya biashara ya Canton, huko Guangzhou, yapo tangu 1957, Aprili na Oktoba. Huko unakutana na kiwanda chenyewe. Soko la Yiwu ni kwa vitu vidogo vidogo. Jioni nimepita Aggrey na Sikukuu: blenda ileile niliyotaka kuagiza iko kila fremu. Mmoja akishusha bei, mtaa mzima unashusha.

Jumatano, 30 Julai
Darasa linashangilia amri ya juzi ya Serikali: wageni marufuku kwenye biashara 15, rejareja na jumla zikiwemo. Mwalimu akatupoza: amri inamwondoa Mchina dukani, haimzuii kumuuzia jirani yako bei uliyouziwa wewe.

Ijumaa, 1 Agosti
Rais Samia kazindua kituo cha biashara Ubungo, palipokuwa stendi ya mabasi. Maduka zaidi ya 2,000. Mteja atazidi kuijua bei ya jumla.

Nimeamua: blenda basi. Naagiza sindano, bobini na vipuri vya cherehani. Havili nafasi, na mafundi hawaishi kuvihitaji. Hesabu isipoonyesha faida kabla ya ile asilimia 30, pesa haitoki.