Safari ya Namugongo Ilianzia Jikoni

Tangu turudi, akina mama wenzetu wanatuuliza swali moja: mliwezaje kuziacha nyumba zenu karibu majuma mawili mkaenda Uganda kwa miguu? Wanadhani tutasimulia juu ya jua, malengelenge na magari makubwa ya mizigo. Hayo yapo, nayo tutayagusa. Lakini sehemu ngumu kuliko zote tuliikuta kabla hatujavaa viatu.

Sisi ni akina mama kumi na wanne wa parokia moja ya Bukoba mjini. Tulisindikizwa na katekista wetu na vijana wawili wa kubeba maji. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilometa 80, na kutoka Mutukula hadi Kampala, kupitia Kyotera, Masaka na Mpigi, ni zaidi ya 200. Namugongo iko mbele ya Kampala kidogo, upande wa kaskazini-mashariki. Kwa mwendo wa mama wa kawaida, mwenye miaka yake na magoti yake, ni siku kumi na moja au kumi na mbili. Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ni tarehe 3 Juni, kwa hiyo ilitupasa kuondoka tarehe 21 Mei.

Katekista alitukusanya mara tatu kutueleza tunakwenda kwa nani. Mashahidi wanaokumbukwa ni 45. Wakatoliki ni 22, na Waanglikana ni 23. Waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wakati wa Kabaka Mwanga, na wengi wao waliteketezwa kwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni, 1886, wakiwa wamefungwa ndani ya matete. Wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Kizito, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka kama 14 tu. Katekista aliposema hivyo chumba kilinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa anamwona mtoto wake wa kidato cha kwanza. Tena vijana wale hawakupelekwa kwa gari. Walihukumiwa Munyonyo, wakatembezwa wamefungwa kamba hadi mahali pa kufia. Ndiyo maana watu huenda kwa miguu.

Kwetu Kagera jambo hili ni la nyumbani. Imani Katoliki ilitufikia kutoka upande huohuo wa Buganda, na misheni ya Kashozi ilianzishwa mwaka 1892, miaka sita tu baada ya moto ule. Tulikuwa tunarudi kule mbegu ilikotoka.

Sasa turudi jikoni. Tuliamua kwamba hakuna atakayeondoka kwa kutoroka. Kila mama alizungumza na mumewe, na mwenye mama mkwe alizungumza naye pia. Waume wengine walikubali upesi, wengine walicheka wakasema hatutafika hata Kyaka. Mmoja alikataa katakata. Alimwambia mwenzetu, "Mungu yupo hapahapa Bukoba, mama watoto, unamfuata nani Uganda?" Hatukumlaumu, maana kuna hija nyingine ambazo kwa kweli ni kukimbia kazi. Mwenzetu hakubishana naye. Aliendelea na mazoezi yetu ya Jumamosi, na juma la nne mumewe akamwona ameketi kizingitini akikanda miguu yake kwa maji ya chumvi. Alimuuliza kama inauma. Akamjibu inauma. Siku ya pili akamletea raba mpya na soksi jozi tatu, bila neno lingine.

Mazoezi yalikuwa ya miezi mitatu. Tulianza na kilometa tano baada ya Misa ya Jumapili, tukapanda hadi kumi, kisha kumi na tano, na wiki mbili kabla ya safari tulikwenda ishirini na tano kwa siku moja. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kiatu kipya ni adui. Usianze safari ya namna hii na kiatu ambacho hakijazoea mguu wako, hata kama ni kizuri namna gani. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kwenye kisigino kabla ya kuvaa soksi. Lengelenge dogo liache, lifunike tu. Lile kubwa linalozuia kutembea litobolewe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, maji yatoke, ila ngozi isibanduliwe.

Wote tulikwenda zahanati kupimwa. Wawili walikutwa na shinikizo la damu. Mmoja aliruhusiwa, akaambiwa achukue dawa za siku ishirini. Wa pili alikatazwa. Alilia sana, kisha akafuta machozi akasema, "Basi leteni watoto wenu kwangu." Watoto sita wa wenzetu walikula na kulala kwake mpaka tuliporudi. Mama huyu hakuvuka mpaka, lakini bila yeye wanne kati yetu wasingeondoka.

Mizigo ilituletea ugomvi. Kila mmoja alitaka kubeba nyumba. Mwishoni tulikubaliana: kanga mbili, sketi mbili, sweta, koti la mvua, shuka, sabuni, tochi, na fulana ya kung'aa kwa ajili ya usalama barabarani. Basi. Chakula cha njiani kilikuwa karanga, mihogo ya kukaanga na kahawa yetu ya kutafuna, ambayo Mhaya hawezi kusafiri bila hiyo. Tulibeba pia chumvi na sukari. Mtu akiharisha au akitoka jasho jingi, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, umpe anywe kidogo kidogo. Wasio na pasi walikata hati ya dharura ya kusafiria kwa Uhamiaji, na sote tulichanjwa homa ya manjano tukapewa kadi. Fanyeni hayo mapema, msingoje juma la mwisho kama sisi.

Kitu cha mwisho kilikuwa mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani yake kila mama alitia karatasi yenye nia yake, na jirani zetu nao wakaleta za kwao. Hatukuzisoma. Tuliubeba kwa zamu, kila mtu saa moja.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri baada ya baraka ya padri. Mvua ya masika ilikuwa bado haijaisha, barabara inang'aa, migomba inadondosha maji. Tulitembea mmoja nyuma ya mwingine upande wa kulia, ili magari yatujie usoni, si mgongoni. Saa mbili za mwanzo tuliimba. Saa ya tatu tulisali rozari. Saa ya tano hakuna aliyekuwa na sauti, isipokuwa mwenzetu muuza dagaa ambaye hajui kunyamaza, na Mungu ambariki kwa hilo. Watu wa vijijini walitoka milangoni. Bibi mmoja alitupa mkungu mzima wa ndizi za kuiva, akakataa fedha, akaomba tu tumtaje huko tuendako. Hakuwa na karatasi, kwa hiyo tuliandika jina lake nyuma ya kadi ya kliniki. Usiku tulilala kwenye darasa la shule, juu ya majani makavu.

Siku ya pili jioni tulifika Kyaka. Pale daraja la mto Kagera lilivunjwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia kwetu, na mmoja wetu, mzee kuliko wote, alikuwa msichana siku zile. Alikimbia usiku mgongoni amembeba mdogo wake. Alisimama katikati ya daraja la sasa, akatazama maji muda mrefu. Kisha akasema twendeni, miguu inapoa.

Usiku huohuo ilikuja simu. Mtoto wa mwisho wa mwenzetu mmoja, wa miaka mitatu, alikuwa na homa kali na ametapika mara mbili. Na mwenzetu huyu alikuwa anatembea kwa ajili ya mtoto huyohuyo. Mimba tatu zilimharibikia kabla yake, na aliweka ahadi kwamba mtoto akifika miaka mitatu salama atakwenda Namugongo kwa miguu kushukuru.

Tuligawanyika. Baadhi yetu walisema hili ni jaribu la shetani, akirudi atakuwa amevunja ahadi. Mama yule alikaa chini ya ukuta, simu mkononi, hasemi. Tunasema wazi, aliyetaja shetani usiku ule alikosea, na baadaye aliomba radhi. Mzee wetu wa darajani ndiye aliyekata shauri. Alimwambia, "Mwanangu, uliahidi kumshukuru Mungu kwa mtoto. Mtoto anakuita. Nenda kwa mtoto." Katekista alikubali. Tulimtafutia gari la mtu aliyekuwa anarudi Bukoba, na kijana mmoja akamsindikiza. Kabla ya kupanda alivua rozari yake akaitia katika mfuko wa nia.

Siku ya tatu hatukuimba. Kutoka Kyaka hadi Mutukula ni nchi ya wazi, kivuli ni kidogo, na kila simu ilipolia tulisimama sote. Saa nane mchana akapiga. Walimpima mtoto, wakakuta malaria, wameanza dawa mseto, na sasa amekunywa uji nusu kikombe. Sauti yake ilikuwa imechoka. Tulimuuliza kama anataka kutufuata kwa basi mtoto akipata nafuu. Akasema hapana, atabaki naye, na atakuja mwaka mwingine kwa miguu kama alivyoahidi, kuanzia mlangoni kwake. Kisha akauliza nani amebeba mfuko.

Asubuhi iliyofuata tulipanga mstari katika kituo cha mpakani, ambako maofisa wa nchi zote mbili wameketi jengo moja. Ofisa alihesabu hati, akauliza mbona orodha ina majina kumi na manne ya akina mama na yeye anawaona kumi na watatu. Mzee wetu akamjibu kwamba mmoja yuko kazini. Ofisa akacheka, akagonga mihuri. Tukatoka upande wa pili, tukakaza kamba za viatu, tukashika njia ya Kyotera.